Miguu ya Dereva

Mjukuu wangu, habari za zile buti nyeupe zimenifikia. Karatu ni mji mdogo, na kijana aliyekushikia mkoba wakati unazijaribu ni mtoto wa jirani yangu. Anasema zina kisigino cha vidole vinne, ncha imechongoka, na umezinunulia Hamburg na Roma. Sikukuita nikugombeze. Kugombeza kunataka nguvu, na zangu huisha asubuhi nikishanyanyuka kitandani. Vuta kigoda, mimina chai, unisikilize taratibu. Nikisinzia katikati, nisubiri.

Kwanza nikusifu panapostahili. Kwenda mwezi wa nne umepanga vizuri. Masika yakishika huku, udongo wetu mwekundu unanata hadi kwenye mlango wa gari, kambi nyingi zinafungwa, na mwongoza watalii anabaki kuosha Land Cruiser isiyo na wa kuipanda. Wale wageni wako wa kreta ya Ngorongoro wamekuandikia barua ya mwaliko, viza ya Schengen imetoka, bima ya yuro 30,000 wanayoitaka umeshakata. Kila kitu kimefikiriwa isipokuwa miguu.

Na miguu yako, mchumba wa uzeeni, ni miguu ya dereva. Usinune. Tangu upate leseni unafanya kazi umekaa. Alfajiri unatoka Karatu, unapita geti la Lodoare, unashuka kreta kwa njia ya Seneto, unazunguka chini kutwa nzima, unapanda kwa njia ya Lerai, unarudi nyumbani unasema umechoka. Umechoka kweli, lakini mgongo. Kule chini hata wageni hawashuki garini ila pale panaporuhusiwa, kwenye vyoo na pa kulia chakula. Sasa huko uendako kibao kinageuka, mtalii ndiye anayetembea. Wenyeji wako Hamburg wanaweza kuwa na gari, lakini wataliacha nyumbani mpande treni, mshuke, mpande ngazi, mvuke daraja, mzunguke bandari, kisha waseme makumbusho yapo hapo karibu tu. Hapo karibu pa Mjerumani ni mwendo. Roma ndiyo usiseme. Vichochoro vyake vya zamani vimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, kimoja kimeinuka, kingine kimezama, mvua ikinyesha vinateleza. Kisigino chembamba kikipata upenyo kati ya jiwe na jiwe kinaingia, na wewe unabaki umesimama katikati ya watu umeshikiliwa na mji.

Nimewaendesha wageni tangu barabara ya Makuyuni kuja huku ni vumbi na makorongo, kabla ya lami. Katika miaka hiyo yote jambo moja halikubadilika: mtu akienda nchi asiyoijua huvaa nchi aliyoiona kwenye filamu. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa Hatari!, John Wayne akifukuza vifaru na twiga kaskazini mwa Tanganyika, na waliokuwa watoto wakati ule wakatujia utu uzimani na kofia zilezile pana na mashati ya mifuko minne. Ikaja Out of Africa mwaka 1985, wakaanza kuja kina mama na skafu nyeupe na sketi ndefu za kitani, kana kwamba vumbi la kreta linajua heshima ya kitani. Rangi ya kaki yenyewe siitukani. Ina kazi yake, maana bluu na nyeusi huvuta mbung'o, na ukiingia nazo Tarangire utajuta. Lakini kaki yenye mikunjo ya dukani, mifuko chungu nzima isiyo na kitu ndani, na chini kaptura, asubuhi ya Julai kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari! Ukungu umeshuka, paa la gari limefunguliwa, na mtu aliyezaliwa kwenye theluji anatetemekea Afrika. Koti zuri analo. Ameliacha kwao, kwa sababu kwenye filamu hakumwona aliyelivaa.

Sasa niambie, buti nyeupe umeziona wapi? Kwenye simu. Msichana amesimama darajani Paris, hajalowa, hajatoka jasho, hajapiga hatua ishirini. Akishapigwa picha anazivua. Wewe hutazivua hadi usiku.

Kiatu unachokihitaji ni cha kufunga kamba, cha ngozi au cha kitambaa kisichopitisha maji, soli nene yenye meno. Kizidi kidogo namba yako ili soksi nene iingie na vidole vipate pa kukaa. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya kutwa, tena ukiwa na soksi utakayovaa nacho, wala usiamini kilichoandikwa ndani, kwa sababu 39 ya kiwanda kimoja ni 38 ya kingine. Rangi iwe nyeusi au kahawia iliyokolea, kiende na suruali yoyote. Utaniuliza raba je. Raba inafaa, na wenyeji wako watavaa raba hata mgahawani, ila isiwe ile ya kitambaa cha wavu, maana mvua ya Hamburg si kama yetu inayopiga saa moja ikaondoka. Ile hunyunyiza, hunyunyiza, mpaka unashangaa soksi zimelowa saa ngapi. Na isiwe nyeupe. Nyeupe ni ya mtu anayebebwa.

Fedha ikiruhusu, waangalie wale wa kiwanda cha Karanga pale Moshi, wanashona ngozi. Ikiwa utakwenda mtumbani, na najua utakwenda, kuna mtego ambao nyinyi vijana hamuujui. Buti la kupandia milima likikaa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa, ile soli ya povu huoza polepole kwa unyevu wa hewa, huku ngozi ya juu inang'aa kama mpya. Nimewaona wageni wakishuka Empakaai na buti za bei ya ng'ombe, soli zikabaki nyuma njiani, wakamalizia safari wamejifunga kamba ya kufungia mizigo. Kwa hiyo ukilishika, likunje kwa nguvu zote, kisha bonyeza soli kwa ukucha. Ikitoa unga au ikifanya ufa, lirudishe kwenye rundo, hata muuzaji akikuapia.

Ukishakipata, kizoeze. Kitembeze Karatu hadi Rhotia na kurudi, si mara moja, na siku ya mvua usikiache ndani. Kikikutoa malengelenge, yakutoe hapa ambapo bibi yako ana maji ya chumvi na wewe unajua njia ya kurudi. Kiatu kipya uwanjani KIA ni uchokozi.

Hapa nicheke kidogo. Waswisi mwaka 1996 walianza kuuza kiatu chenye soli iliyopinda kama mbao za kiti cha kubembea, wakakipa jina la Wamasai, wakisema kinamrudisha mtu kwenye mwendo wa Mmasai anayetembea pekupeku. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Na Mmasai mwenyewe yupo pale njiani amevaa katambuga ya tairi la gari, anakwenda, anafika.

Tuje kwenye baridi. Mama yako analia kwamba utaganda. Mwambie anyamaze. Wewe si mtoto wa Tanga. Hamburg mwezi wa nne huwa kati ya nyuzi 4 na 13 hivi, na asubuhi ngapi umesubiri geti la Lodoare lifunguliwe saa kumi na mbili, umejikunyata, moshi unakutoka mdomoni? Baridi ni hiyohiyo. Tofauti zipo mbili tu, na mbili hizo ndizo zinazowaumiza watu wetu.

Ya kwanza ni upepo. Ule mji una mto mpana na bahari haiko mbali, na upepo wake una majimaji. Mwavuli hautakusaidia, utageuka nje ndani. Chukua koti lenye kofia yake, lisilopitisha upepo wala maji, hata likiwa jepesi. Jua nalo litakudanganya. Mwishoni mwa Aprili linazama karibu saa tatu usiku, linawaka kweupe kabisa, na halina joto la kukaushia hata leso.

Ya pili ni kwamba ndani kuna joto. Nyumba zao, treni zao, maduka yao, wanawasha mabomba ya joto hadi unatoka jasho. Sasa mtu wetu huvaa sweta moja zito kama blanketi la Mbulu, na chini yake kitu kisichoonekana mbele za watu. Akiingia ndani anashindwa kulivua, anatota jasho. Akitoka nje, jasho linageuka barafu mgongoni, usiku anakohoa. Vaa kama kitunguu cha Mang'ola, nguo nyepesi juu ya nyepesi, kila moja uweze kubaki nayo mbele ya wakwe. Na ya ndani kabisa isiwe pamba. Pamba ni rafiki yetu huku kwenye vumbi, lakini ikilowa hunywa maji ikakaa nayo. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto, na hainuki upesi. Jinzi vilevile, ukilowana nayo asubuhi utalala nayo mbichi. Chukua moja kwa sababu najua huwezi kuishi bila jinzi, ila usichukue nne.

Koti utalipata Arusha, soko la Kilombero, siku belo linapofunguliwa. Uende mapema. Angalia zipu, kwapa, na kola. Hapo ndipo koti linaposema ukweli wake. Utaona vibandiko vya Kijerumani ndani yake, nami napenda sana kufikiria koti lililotolewa sadaka huko kwao, likavuka bahari ndani ya robota, likanunuliwa na mtoto wa Karatu, likarudi Hamburg kutembea. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome ifikapo 2019, viwanda vyetu vipumue. Wamarekani wakatishia kutubana kwenye soko lao la AGOA, nchi zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ikakaza shingo ikapata adhabu yake. Wenye hoja walikuwa na hoja, nami sina jibu lake. Najua tu kwamba koti la sufu la kushonwa hapa kwetu bado sijaliona.

Halafu lipeleke kwa fundi. Hii ndiyo siri yote ya kupendeza, na ni ya bei ndogo, sijui kwa nini watu wanaikimbia. Koti la mtumba likipunguzwa mikono na kubanwa kiunoni kwa kipimo chako, hakuna atakayejua lilikuwa la nani. Koti la dukani lisilokukaa litakufanya uonekane umeazima. Nimewatazama wageni wengi wakishuka garini, na wale waliokuwa wakipendeza kweli, hasa kina mama wazee wa Kifaransa na Kiitaliano, hawakuwa na vitu vingi. Suruali mbili, shati, sweta jembamba, vyote rangi zinazosikilizana, nyeusi na kijivu au bluu na rangi ya kahawa, kisha kitu kimoja tu chenye sauti, kitambaa shingoni au hereni. Chochote wakikichomoa kwenye begi kinakwenda na kingine. Wewe begi lako, nilivyosikia, kila gauni linadai kiatu chake.

Unaogopa kuonekana mshamba. Naelewa. Lakini mtu mwenye kiatu bapa anayetembea wima haitwi mshamba popote. Anayechechemea ndiye anayeangaliwa. Kwa jioni za kula nje chukua pea moja ya simpo nyeusi, zinakunjika, hazili nafasi. Na umwambie fundi akushonee jaketi la kitenge, lakini aliwekee bitana ya maana, maana kitenge kitupu kule ni pazia. Hilo ndilo litakuwa na sauti. Watu watakusimamisha njiani waulize umelinunua wapi, nawe utajibu Karatu, na umwonee huruma mwenye buti nyeupe.

Kuhusu shuka nina neno. Wenyeji wako wanakupenda, lakini jiandae: kuna mtu atataka umvalie shuka jekundu na shanga apige picha. Si jambo jipya huko. Salme binti Said, binti wa Seyyid Said wa Unguja, alitoroka kwao mwaka 1866, mwaka uliofuata akafika Hamburg hiyohiyo akiwa mke wa mfanyabiashara Ruete, akavaa magauni ya Kijerumani kama kawaida ya mji. Lakini picha yake ambayo dunia inaijua ni ile akiwa na mavazi ya Kizanzibari, na ilipigwa studio ya Hamburg. Huku kwetu tumeona kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa Wamasai kwenye rubega, wavae suruali wawe watu wa kisasa. Wakati uleule Umoja wa Vijana wa TANU ukawatangazia wasichana wa mjini vita ya sketi fupi. Leo suruali haimletei Mmasai hata shilingi, na hoteli zinamlipa avae rubega mlangoni. Nimeishi nikaona yote mawili, nimechoka kushangaa. Wewe ni Mwiraqw. Ukitaka kuvaa shuka, vaa kwa sababu una baridi. Wala usimwambie mtu kwamba ni vazi la babu yako. Mimi babu yako nimevaa koti la mvua na gambuti maisha yangu yote.

Ila shuka lenyewe libebe. Ndani ya ndege ni blanketi, kituoni ni skafu, na Roma litakuokoa pale kanisa kuu la Mtakatifu Petro, kwa sababu mwenye mabega wazi au magoti wazi huzuiwa mlangoni, awe mtalii awe nani. Khanga nayo inafanya kazi hiyo kwa uzito mdogo. Roma Aprili ina mchana wa nyuzi kama 19, kwa hiyo koti utalibeba mkononi, ndiyo maana nilisema liwe jepesi.

Jambo ambalo hakuna atakayekuambia: kwa Wajerumani wengi viatu huvuliwa mlangoni. Utafika umependeza toka utosini, uinamie kamba, uvue, na dole gumba lichungulie kwenye soksi mbele ya mama mwenye nyumba. Tupa zote zilizotoboka kabla hujaondoka. Usishone, tupa.

Begi. Mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 23, na nakujua, nusu itakuwa zawadi. Kahawa ya Oldeani peleka, ni nyepesi na wataifurahia. Samli ya bibi yako ibaki hapa, kwa sababu Ulaya hawapokei maziwa wala nyama kutoka kwa msafiri wa nje. Mwambie wewe mwenyewe, mimi nimejaribu akaniangalia vibaya. Miba ya nungunungu, manyoya ya mbuni na vikorokoro vingine vya porini, wewe mwongoza watalii huhitaji kufundishwa. Kiatu kizito na koti uvae mwilini siku ya kuruka, usivitie begini, na kamba za kiatu zilegeze ukishakaa, miguu huvimba angani. Begi lenyewe liwe dogo la kuweza kulinyanyua mwenyewe ngazi mbili bila kumwangalia mtu kwa huruma. Magurudumu ni mazuri uwanjani. Kwenye vijiwe vya Roma yanalia hadi mtaa mzima unajua umefika.

Basi, zile buti warudishie kabla hujazivaa nje, maana soli ikishapata tope letu hawazipokei. Wakikataa, mpe binamu yako anayeolewa Juni, zitamfaa saa mbili za ukumbini. Kesho kuna basi la asubuhi la Arusha, nenda Kilombero, na ukipita kwa fundi mwambie bitana nitailipa mimi. Halafu ukiwa huko, ukikumbuka kuniletea kitu, usihangaike na kofia wala saa. Soksi za sufu, namba 43, pea mbili, rangi yoyote isiyo nyeupe.